Asali ya Ipole Katika Glasi ya Maji

Sikwenda msibani Ntalikwa kulia. Watu waliniona nimekaa mkekani, khanga begani, macho makavu, wakadhani machozi yameniishia njiani. Wapi! Nilikwenda kuhakikisha kwamba Shangazi Veronika amezikwa kweli, na nilikwenda kumwona Kalunde, mjukuu wake, basi. Kisha kijana mmoja wa ukoo akasimama na karatasi, akasafisha koo, akaanza kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akauza asali. Mpaka hapo sawa. Akaendelea: "Marehemu bibi yetu aliwalea wajukuu zake katika udadisi na kupenda kujua." Udadisi! Nusura ninyanyuke. Mimi nimefundisha sayansi shule za msingi miaka thelathini na mitano, nimestaafu na koo lililokauka kwa vumbi la chaki, halafu neno hilo linakwenda kupachikwa kwa mwanamke yule? Nilimgeukia mama aliyekaa kando yangu nikamwambia, "Marehemu hasemwi vibaya, lakini aliyeandika hiyo karatasi amwogope Mungu." Mama wa watu akajisogeza kidogo, akakumbatia mkoba wake.

Mwaka nilioishi kwa shangazi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kwenda chuo cha ualimu, nikatumwa nikangojee Tabora mjini, nyumbani kwa shangazi, mtaa wa Ng'ambo. Nyumba ile ilikuwa na ukumbi mrefu wenye giza hata saa sita mchana, vyumba viwili huku, viwili huku, na mwisho kabisa chumba cha asali chenye mlango wa bati. Ukifungua mlango ule, harufu ya moshi na nta inakupiga usoni. Madebe yamepangwa ukutani, madumu chini, na katikati kigoda cha shangazi ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Mji mzima walimwita Mama Asali. Asali yenyewe ilitoka Ipole, kwa mzee Shija, mrina asali mwenye mizinga ya magome huko porini, ambaye aliileta mwenyewe kwa kudandia malori ya tumbaku. Shangazi hakuwa na duka wala kibao mlangoni. Alikuwa na jina, na kwa jina hilo watu walinunua bila kuonja.

Neno lililotumika zaidi nyumbani mle lilikuwa "usiguse". Usiguse debe, usiguse redio, usiguse chupa hizo. Na waliokuwa wanaambiwa ni watoto wawili: Kalunde, miaka sita, na mdogo wake Maganga, miaka minne, ambaye yeye hakuwa na tabu, ukimpa kitu anakila, kwisha. Tabu ilikuwa Kalunde. Kalunde aliuliza. Aliuliza kwa nini sufuria ya uji inapumua, kwa nini moshi haushuki chini, nyuki wanajuaje njia ya kurudi kwao na hawana anayewashika mkono. Nakumbuka jioni moja tunakula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga, akauliza kwa nini majani makavu yakitiwa maji hayarudi kuwa mabichi. Shangazi akaweka tonge chini. "Wewe mtoto, ukiuliza tena nakutia pilipili mdomoni. Kula!" Usiku ule ule nilimsikia uani anamwambia jirani yake, "Mtoto wa kike anayehoji hivi, nani atamvumilia? Atarudishwa na mumewe kabla ya mwezi." Wakacheka wote wawili. Mimi nimesimama nyuma ya pazia la mlango na ndoo mkononi, damu inanichemka. Nilitaka kitu kimoja tu mwaka ule, nakisema wazi asije mtu akanisingizia kingine: nilitaka mtoto yule asiache kuuliza.

Basi nikafungua shule uani. Shangazi akienda sokoni asubuhi, mimi na watoto tunakaa nyuma ya jiko na vikorokoro vyetu. Yai tunalitia kwenye maji, linazama. Tunakoroga chumvi, linapanda juu lenyewe, na Maganga anapiga kelele kama ameona shetani. Tunapanda maharage kwenye pamba iliyoloa ndani ya glasi, tunahesabu siku mpaka mzizi utokee, na Kalunde anaugeuza juu chini aone kama utakosea njia. Maji ya choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, tunayagawa kwenye vikombe viwili: kimoja tunakamulia ndimu, kinakuwa chekundu cha kung'aa, kingine tunatia magadi, kinageuka rangi kama ya wino ulioharibika. Tunanyunyiza pilipili manga juu ya sahani ya maji, tunachovya kidole chenye sabuni katikati, pilipili zinakimbilia ukingoni. Nilimfundisha Kalunde kwamba kabla ya kugusa chochote lazima aseme kwanza, "Nafikiri itakuwa hivi." Ndipo tufanye, ndipo tuone. Akikosea anacheka mpaka anakaa chini. Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yule tena, na nimefundisha watoto nisioweza kuwahesabu.

Lakini nisijipake asali mdomoni. Nilikuwa na ugonjwa wangu, na niliuona baadaye sana. Kalunde aliponiuliza kwa nini choya inabadilika rangi, mimi sikujua vizuri, nikamwambia kwa ukali, "Ndiyo sayansi hiyo." Aliponiuliza sabuni inawaambia nini zile pilipili, nikasema, "Utasoma mbele." Neno "sijui" halikutoka kinywani mwangu hata mara moja. Kijana wa kidato cha sita aseme hajui, mbele ya mtoto ambaye bado anasaidiwa kufunga vifungo? Na hasa mbele ya shangazi, ambaye hakumaliza hata darasa la nne na alikuwa akiniita "profesa" mdomo ukiwa umepinda? Thubutu.

Shangazi alituvamia mara mbili. Mara ya kwanza alikuta maharage yangu ya kwenye glasi akayatupa kwa kuku, akasema glasi ni za wageni. Mara ya pili alikuta nimetumia mayai matatu. Ilikuwa vita. "Mayai ya kuogesha! Skola, mayai ya kuogesha kwenye chumvi! Kwenu Kaliua mayai yanaokotwa relini?" Nikamjibu. Sikupaswa, lakini nilijibu kwamba mayai yapo vilevile, hayajavunjika, ayachemshe ale. Alinipiga kofi mbele ya mwenye nyumba ya jirani na mkewe, mimi mwanamke mzima. Tokea siku ile sikumpenda tena. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, akaitikia marahaba, na shikamoo ile ingeweza kuua mbu.

Sasa nije kwenye glasi. Mtu yeyote wa Tabora anajua namna ya kupima asali. Wengine wanachovya njiti ya kiberiti wanaiwasha, wengine wanadondosha tone kwenye glasi ya maji. Hata wazee waliokaa mjini vizazi kwa vizazi, ambao babu zao waliuziana asali na nta na misafara ya kwenda Ujiji, wanapima hivyo hivyo. Nikaona hili ndilo jaribio la kumfaa Kalunde, la kwao, la nyumbani. Nikachota kijiko cha asali ya msimu uliopita, nzito, nikadondosha. Tone likashuka zima mpaka chini, likakaa pale kama gololi. Kalunde akalala kifudifudi alitazame. Nikamwambia, "Ikizama nzima, ni asali. Ikiyeyuka, ina sukari. Basi." Akauliza, "Basi? Hakuna kingine?" Nikasema hakuna. Nilisema kwa sauti ile ya ualimu ambayo nilikuwa naifanyia mazoezi.

Siku ya Jumamosi akaja Bi Salma. Huyu alikuwa mama wa mjini hasa, Mwislamu wa ukoo mkongwe pale Tabora, buibui safi, mkono una hina. Ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa shangazi. Alichukua madumu mazima kuwapelekea ndugu zake wa pwani, na alipokisifu kitu mji ulikinunua. Shangazi alimweka ukumbini, akamletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukaushwa, na karanga kwenye sinia. Mzigo ulikuwa mpya, mzee Shija aliuleta juzi yake. Wanazungumza harusi, wanazungumza joto, Bi Salma anasema, "Mimi na wewe, Mama Asali, hatupimani." Hapo ndipo Kalunde akaingia, glasi ya maji ameishika kwa mikono miwili asimwage, kijiko cha asali mpya amekibana vidoleni. "Nafikiri itazama nzima," akasema kwa adabu kabisa, akimtazama mgeni, kama nilivyomfundisha. Akadondosha.

Haikuzama. Ilianza kuzama, kisha ikajinyoosha, ikatawanyika, maji yakawa na ukungu. Kalunde akaitazama kwa mshangao, akasema kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima, "Bibi! Hii ina sukari!" Mimi nilikuwa mlangoni, na sitaficha, kwanza nilifurahi. Nilifurahi! Nilijisemea moyoni, leo umepatikana, mama wa usiguse. Bi Salma alishusha kikombe chake taratibu. Shangazi akasema, "Sukari? Mimi? Bi Salma, naapa kwa mama aliyenizaa." Bi Salma akavaa viatu. "Mtoto hajui kusema uongo, Mama Asali," akasema, wala hakupaza sauti. Akatoka. Mpaka jioni habari ilikuwa imefika sokoni na kurudi.

Shangazi alimchapa Kalunde vidole kwa mwiko, vikavimba. Mimi akanitazama tu, akasema, "Umenimaliza, Skola. Wewe si mwalimu. Wewe unawatuma watoto vita vyako." Halafu akakusanya glasi zote akazifungia kabatini. Nilipokuwa namkanda Kalunde vidole kwa maji ya chumvi, analia kwa kwikwi, akaniambia, "Mama mdogo, labda tujaribu na asali ya debe lingine. Labda tuangalie tena." Na haya ndiyo maneno yaliyonitoka mdomoni mwangu mimi, Skola, mpenda udadisi: "Nyamaza! Nimeshakwambia ina sukari, ina sukari. Bibi yako ni mwongo." Akanyamaza. Alinyamaza kweli, si kwa siku ile tu. Wiki iliyofuata hakuuliza chochote. Uji ulipumua, moshi ukapanda, nyuki wakaja kwenye madumu wakaondoka, mtoto anatazama tu amefumba mdomo. Na mimi kila nilipomwona hivyo niliongeza kuni kwenye moto wangu juu ya shangazi: umeona alichomfanyia mtoto?

Siku ya Jumatano mzee Shija alikuja kutoka Ipole. Alikuwa amesikia. Nilikuwa chumba cha pili nakunja nguo, ukuta wa nyumba ile haukufika juu, kila neno linavuka. Akasalimia "mwangaluka", kisha nikasikia hajakaa, amesimama. Akasema, "Mama Asali, kosa ni langu. Wezi wa mizinga walikuwa wameingia porini, nikawawahi. Nimerina masega ambayo nyuki hawajayaziba. Asali haijaiva, bado ina maji yake. Sukari sijawahi kuitia, na wewe hujaitia. Asali mbichi ukiitia kwenye maji lazima iyeyuke." Shangazi akasema, "Na nani atakuamini, Shija, na nani ataniamini mimi?" Nikasikia analia. Sikuwahi kumsikia analia kabla ya hapo.

Mimi nilikuwa na shati la Maganga mkononi. Kalunde alikuwa uani, hatua kumi tu kutoka nilipo, amekaa kwenye kinu kilicholazwa. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo: kutoka, kumwita, kumwambia, "Kalunde, tulikosea. Kulikuwa na jambo la tatu, na wewe uliuliza, na mimi nilikunyamazisha." Sikwenda. Nikalikunja lile shati, nikalikunjua, nikalikunja tena. Kumwambia mtoto kwamba nimekosea kulimaanisha shangazi ana haki, na mwanamke aliyenipiga kofi mbele za watu nilikuwa simpi haki hata ya mkopo. Nilikaa wiki sita zaidi kwenye nyumba ile bila kusema. Nikaenda chuoni. Nikapangiwa kazi huko njia ya Mpanda, nikakaa huko. Na shangazi tulikutana misibani tu, tunapeana ncha za vidole, na kila mwaka nilijiambia hadithi ile ile: bibi mkatili, mtoto mwerevu, mwiko. Sehemu ya Jumatano niliiacha nje.

Baada ya wasifu kusomwa na chakula kuliwa, Kalunde alinifuata mkekani. Ana zaidi ya miaka arobaini sasa, mwili umemjaa, miwani puani. Alipiga goti. "Shikamoo, mama mdogo." "Marahaba, mwanangu." Akaniuliza habari za miguu, nikamuuliza kazi. Akasema anapima asali. Anazunguka Sikonge, Ipole na kwingine, ana kifaa kidogo anadondoshea tone, anachungulia, kinamwambia asali ina maji kiasi gani, halafu anawafundisha warina asali wasivune masega kabla hayajazibwa. Lakini hasira ya miaka mingi haizimwi kwa tone. Nikamwambia, "Nimesikia walivyosoma pale. Udadisi! Mimi na wewe tunajua ukweli. Yule alitaka kukuzima, na ukweli ni kwamba hukuzimika."

Kalunde akanitazama, kisha akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu." Akanipeleka kwenye chumba alichoishi marehemu tangu ahamie Ntalikwa. Kitanda kimetandikwa, rozari imetundikwa kwenye msumari, na dirishani glasi tatu za zamani zimepangwa, zimepata ukungu wa kuchakaa. Nilizijua. Ndizo glasi za wageni. "Ulipoondoka kwenda chuoni," Kalunde akasema, "bibi alizitoa kabatini. Akaniweka kwenye kile kigoda chake, mama mdogo, kigoda chenyewe. Akatia maji glasi zote tatu. Hapa akadondosha asali iliyoiva, hapa ile ya mzee Shija ambayo haijaiva, na hapa akachanganya yeye mwenyewe asali na sukari mbele ya macho yangu. Akasema, 'Mimi sijasoma. Tazama wewe, uniambie.' Nilitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akanishika mkono tukaenda kwa Bi Salma, akamwambia, 'Aliyenivunjia jina ndiye atakayelijenga.' Nikazifanya zote tatu pale barazani kwake. Tulizunguka mitaa nane, mama mdogo. Kila tukirudi nyumbani ananiuliza, 'Leo unataka kujua nini?' Ile karatasi ya wasifu niliiandika mimi."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha shangazi yangu, mahali ambapo nisingethubutu kukaa akiwa hai. Nje wanawake walikuwa wanaosha masufuria, wanagombana nani kachukua beseni la nani. Nilikuwa naweza kunyamaza. Nimezoea. Lakini Kalunde alikuwa anaendelea, kwa upole, anafuta glasi moja kwa ncha ya khanga: "Huwa namsimulia binti yangu. Anakulaumu, watoto wa siku hizi hawana dogo. Namwambia hapana, Bibi Skola alikuwa binti mdogo naye, hakujua."

"Nilijua," nikasema.

Mkono wake ukasimama. "Ulijua nini?"

"Kwamba haina sukari. Mzee Shija alikuja, nikamsikia ukutani. Siku nne baada ya Bi Salma."

Akairudisha glasi dirishani. Akaiweka sawa na zile nyingine, akaisogeza kidogo, akaisogeza tena. Sikuona machozi, na ningeyapenda machozi, ningejua la kufanya. Alivua miwani, akanitazama kwa macho yale yale ya mtoto aliyelala kifudifudi kulitazama tone, macho ambayo hayataki kusaidiwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilitaka mtoto yule asiache kuuliza. Hakuacha. Alisimama mbele yangu akingoja jibu, nami mwalimu wa miaka thelathini na mitano nikatafuta sauti yangu ile ya darasani, nikaikosa. Nikamwambia, "Sijui." Akatikisa kichwa. "Hapana, mama mdogo," akasema. "Hilo unalijua."